Mto umepanuliwa, mbona mafuriko yamezidi?

Swali la msomaji: "Mto unaopita katikati ya mji wetu ulinyooshwa na kujengwa kwa zege, na wahandisi wanasema sasa una nafasi kubwa kuliko zamani. Mbona mafuriko yanakuja haraka zaidi na kupanda juu zaidi? Na je, kuna njia ya kupima ni kiasi gani cha uwezo wa mito kushika maji kimepotea tangu mji uanze kukua?"

Ndugu msomaji, wahandisi hao wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu mto huo mmoja, na mafuriko bado yakazidi. Mito ina kazi mbili wakati wa mvua kubwa. Moja ni kupitisha maji, yaani kuyaondoa yalipo na kuyapeleka chini. Nyingine ni kuyashika kwa saa chache au siku kadhaa mahali yasipodhuru watu, kisha kuyaachia kidogo kidogo. Zege huongeza kazi ya kwanza. Ya pili haifanywi na mto mkuu peke yake. Hufanywa na mtandao mzima: vijito vya juu, mabonde madogo, ardhi oevu, na uwanda wa mafuriko ulio kando ya mto. Mji unapopanuka, hivyo ndivyo vinavyotangulia kupotea, na vingi havikuwa hata kwenye ramani.

Tuanze na mtandao wenyewe. Tangu kazi za mtafiti wa maji Robert Horton za mwaka 1945, zilizorekebishwa na mwenzake Arthur Strahler katika miaka ya 1950, mito hupangwa kwa madaraja. Kijito kisichopokea kijito kingine ni cha daraja la kwanza. Viwili vya daraja la kwanza vikikutana, kinachoendelea ni cha daraja la pili, na hivyo hivyo kuelekea chini. Ukijumlisha urefu wa mikondo yote ya bonde, yaani eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia mto huo, vijito vya madaraja hayo mawili ya mwanzo kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu. Vingi hukauka msimu wa kiangazi na havina jina. Mwenye kiwanja anaona mtaro wa kujaza kifusi, na mpima ardhi anachora barabara juu yake.

Hesabu inaeleza vizuri kuliko maneno. Namba zifuatazo nimezichagua kwa ajili ya mfano. Weka vipimo vya bonde lako badala yake. Chukua bonde la kilomita za mraba 10 lenye kilomita 25 za mikondo: 15 za daraja la kwanza, 7 za daraja la pili na 3 za mto mkuu. Eneo la mkato wa mkondo, yaani upana wa wastani mara kina, tuseme ni mita za mraba 0.9 kwa vijito vidogo, 4 kwa vya daraja la pili na 20 kwa mto mkuu. Zidisha kwa urefu: mita za ujazo 13,500, kisha 28,000, kisha 60,000. Jumla ndani ya kingo ni 101,500.

Sasa ongeza maji yanayotandaa nje ya kingo. Vijito vidogo vina ukanda wa majimaji wa mita 10, na maji husimama humo kwa kina cha sentimita 30. Vya daraja la pili vina mita 40 na kina cha sentimita 40. Mto mkuu una uwanda wa mita 150 na kina cha sentimita 60. Unapata 45,000, 112,000 na 270,000, yaani mita za ujazo 427,000 nje ya kingo. Kila milimita 1 ya maji juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000, kwa hiyo mtandao wote wa 528,500 unaweza kushika kina cha karibu milimita 53 kilichotandazwa juu ya bonde zima. Karibu asilimia 81 ya nafasi hiyo iko nje ya kingo, mahali ambapo siku ya jua unaona majani tu.

Mji unaingia. Kilomita 12 za vijito vidogo zinafukiwa na badala yake kunalazwa bomba la kipenyo cha milimita 600, ambalo lote likijaa lina mita za ujazo 3,400 tu. Kilomita 3 zilizobaki, pamoja na ukanda wake, zina 11,700. Vijito vya daraja la pili vinanyooshwa hadi kilomita 5 za mfereji wa zege wenye mkato wa mita za mraba 5: 25,000, na kando yake hakuna tena pa kutandaa. Mto mkuu unanyooshwa kutoka kilomita 3 hadi 2.4 na kupanuliwa mpaka mkato wa mita za mraba 30: 72,000. Robo ya uwanda wake imebaki, nayo ina 67,500. Jumla ni 179,600, sawa na milimita 18.

Angalia mto mkuu peke yake: ulikuwa na 60,000, sasa una 72,000. Mhandisi aliyeonyeshwa kipande hicho tu atasema kwa haki kwamba uwezo umepanda kwa asilimia 20. Mtandao wake umepoteza theluthi mbili.

Wakati huo huo maji yanayofika mtoni yameongezeka. Kwenye nyasi na miti, sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi, iitwayo kigezo cha mtiririko, inaweza kuwa 0.1 hadi 0.3, kwenye paa na lami ni 0.85 hadi 0.95. Mvua ya milimita 80 kwenye bonde letu, kwa kigezo cha 0.25, ingetoa mita za ujazo 200,000. Kwa 0.65 inatoa 520,000. Zamani nafasi ilizidi maji zaidi ya mara mbili, na sasa maji yanazidi nafasi karibu mara tatu. Ni kweli kwamba nafasi haijai yote kwa wakati mmoja na kwamba maji huendelea kutoka chini, kwa hiyo hesabu hii haisemi mafuriko yatafika mlango gani. Inasema tofauti imetokea wapi.

Jambo la pili ni kasi. Fomula ya Manning, ambayo kila mhandisi wa maji huitumia, inasema kasi hupungua kadiri ukali, yaani mkwaruzo, wa sakafu na kingo unavyopanda. Zege laini lina ukali wa 0.013 hadi 0.015. Mto wa asili wenye majani na mapindo una 0.035 hadi 0.050, na uwanda wenye vichaka unaweza kupita 0.07. Kwa mkato na mteremko ule ule, kutoka 0.045 kwenda 0.015 ni kuongeza kasi mara 3. Kunyoosha kutoka kilomita 3 hadi 2.4 kunaongeza mteremko kwa robo, na kasi kwa zaidi ya asilimia 11 juu ya hiyo. Mabomba nayo yana athari ambayo wengi hawaitarajii: urefu wa vijito vya asili unapungua, lakini ukihesabu mitaro na mabomba, urefu wa njia za maji katika mji mara nyingi umeongezeka kuliko wa asili. Maji yana njia nyingi zaidi za kukimbilia mtoni na mahali pachache pa kusubiri.

Kwa hiyo kilele, yaani mtiririko mkubwa kuliko wote wakati wa mafuriko, kinapanda kwa sababu mbili zinazozidishana. Kwa bonde dogo tumia hesabu rahisi: kigezo cha mtiririko, mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa kilomita za mraba, gawanya kwa 3.6. Bonde la kilomita za mraba 5 lenye kigezo 0.2, kwa mvua ya milimita 40 kwa saa, linatoa mita za ujazo 11 kwa sekunde. Likijengwa mpaka kigezo kiwe 0.7, linatoa 39. Lakini maji sasa yanafika kwa muda mfupi zaidi, na mvua ya muda mfupi huwa na ukali mkubwa zaidi. Ukiweka milimita 60 kwa saa, unapata 58. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika: watu hubadilisha kigezo na kuacha ukali wa mvua wa zamani, kisha kalvati mpya inazidiwa katika msimu wake wa kwanza.

Kushika maji pia hupunguza kilele kinaposafiri. Mbinu ya Muskingum, iliyotokana na kazi ya mhandisi McCarthy katika miaka ya 1930 kwenye mto wa jina hilo katika jimbo la Ohio, Marekani, hueleza kipande cha mto kwa namba mbili. K ni muda ambao wimbi la mafuriko huchukua kupita kipande hicho. Namba x iko kati ya 0 na 0.5. Ikiwa 0, kipande kinafanya kazi ya bwawa na kilele kinatandazwa sana. Ikikaribia 0.5, wimbi linatoka na kilele kile kile lilichoingia nacho. Mito ya asili mara nyingi iko karibu na 0.2 hadi 0.3, mfereji ulionyooka wenye kingo ndefu unasogea kuelekea 0.5, huku K ikipungua. Ndiyo maana mtaa wa juu unaweza kufurahia mfereji mpya na mtaa wa chini ukalia. Mafuriko hayakuondolewa, yalihamishwa.

Hapa inafaa kusema kwa uwazi kwamba ukuaji wa mji hauathiri mafuriko yote kwa kiwango kimoja. Mtafiti Hollis, katika uchambuzi wake wa mwaka 1975, alionyesha kwamba mafuriko madogo ya mara kwa mara yanaweza kukua hata mara 10 bonde linapojengwa, ilhali mafuriko makubwa ya wastani wa mara moja katika miaka 100 yanaweza kufika maradufu asilimia 30 ya bonde ikisakafiwa. Sababu inaeleweka: mvua kubwa mno hulowesha ardhi mpaka hata shamba linatiririsha kama lami. Kupotea kwa uwanda wa mafuriko huenda kinyume chake. Hakuonekani kwenye mvua ndogo, kwa kuwa maji hayajavuka kingo, na kunauma hasa kwenye mafuriko makubwa. Mji uliosakafiwa na pia kujaza uwanda wake umejidhuru kwenye ncha zote mbili. Mtu akikuambia kwamba bwawa dogo la kiwanja limemaliza tatizo, muulize ni la mvua ipi.

Yapo pia yanayokula nafasi polepole. Wakati wa ujenzi udongo ulio wazi huteremka mtoni kwa wingi. Mtafiti Wolman alieleza mzunguko huo mwaka 1967: kwanza mashapo yanajaza mkondo, na baadaye, mji ukishasakafiwa, maji safi yenye nguvu yanachimba sakafu na kubomoa kingo. Hatua zote mbili ni hasara. Mkondo wenye sakafu ya mita 2, upana wa juu wa mita 6 na kina cha mita 1.5, ukipata tope la nusu mita, umepoteza asilimia 22 ya mkato wake. Ukichimbika kwa mita moja, unaonekana mkubwa, ila maji hayapandi tena kwenye uwanda uliobaki mpaka yawe mengi mno, na uwanda huo umekatwa na mto bila mtu kuujaza hata jembe moja la kifusi.

Katika nyanda za chini kabisa, kama delta ya mto Yangtze nchini China, mtandao wa mito hufanya kazi ya hifadhi zaidi ya njia. Humo nafasi halisi ni eneo la uso wa maji mara tofauti kati ya kiwango cha kawaida na kiwango cha tahadhari. Maji yaliyo chini ya kiwango cha kawaida hayahesabiki, hata mto uwe na kina kirefu kiasi gani. Kijito kisichoungana tena na wenzake, kwa sababu ya lango lililofungwa au kalvati iliyoziba, nacho hakihesabiki. Na kila mtaa unapojizungushia tuta na kusukuma maji yake nje kwa pampu, mto wa pamoja hupanda zaidi, na pampu za jirani hulazimika kufanya kazi zaidi.

Sasa kupima. Tafuta ramani ya zamani ya mji wako na picha za anga za kabla ya upanuzi, kisha ya karibuni kwa kipimo kile kile. Hili ni sharti. Ukilinganisha ramani ya 1:50,000 na ya 1:250,000, vijito vitaonekana vimetoweka ilhali mchoraji ndiye aliyeviacha. Linganisha pia msimu na msimu. Picha za setilaiti za Landsat zina chembe (nukta ndogo kabisa ya picha) za mita 30 tangu 1982, na za Sentinel-2 zina mita 10. Hakuna kati ya hizo inayoona kijito cha mita 2, kwa hiyo zitumie kwa mito mipana na ardhi oevu, na vijito uvifuate kwa picha za anga au kwa miguu. Data ya miinuko ya SRTM, iliyopimwa Februari 2000, husaidia kukisia mahali vijito vilipopita, lakini ndani ya mji inachanganya paa na ardhi, na daraja la barabara linaonekana kama ukuta unaozuia mto. Chora kwanza mikondo unayoijua kwa hakika, ndipo uiache programu ikokotoe.

Chora kila mkondo, upe daraja lake, na kwa kila mwaka upate vitu vinne: urefu wa jumla ukigawanywa kwa eneo la bonde, asilimia ya eneo lililofunikwa na maji, ujazo ndani ya kingo, na ujazo nje ya kingo. Pima mkato wa mkondo kwa kamba na rula ndefu katika sehemu zisizopungua tatu kwa kila daraja, wakati maji ni machache. Kwa uwanda, tumia alama za maji za mafuriko yaliyopita kwenye kuta na miti. Kosa kubwa ni kutoa jibu moja la jumla. Litoe kwa kila daraja, kwa kuwa ndipo inapoonekana kwamba daraja la kwanza na la pili ndiyo yaliyokatwa.

Kuhusu dawa, ya bei ndogo kuliko zote ni kutojenga kwenye nafasi iliyobaki. Katika bonde la mto Charles, huko Massachusetts, Jeshi la Wahandisi la Marekani lilipendekeza kununua ardhi oevu badala ya kujenga bwawa jingine, na Bunge likaidhinisha mwaka 1974. Maeneo 17 yenye jumla ya zaidi ya ekari 8,000 yakalindwa ili yaendelee na kazi yaliyokuwa yakiifanya. Pale ambapo mto umeshabanwa, tuta linaweza kurudishwa nyuma, kama Uholanzi ilivyofanya Nijmegen kwa mita 350. Na zege linaweza kuondolewa: katika bustani ya Bishan nchini Singapore, mfereji ulionyooka wa kilomita 2.7 ukawa mto wenye mapindo wa karibu kilomita 3.2, uliokamilika mwaka 2012, na bustani yenyewe hufurika mvua ikizidi. Ikiwa nafasi ni finyu, chimba mkondo wa ngazi mbili: mdogo katikati kwa maji ya kila siku, na kingo pana za chini zinazofunikwa wakati wa mafuriko.

Mabwawa ya kuchelewesha maji yanasaidia yakiwekwa mahali sahihi. Kushika milimita 32 za ziada (tofauti kati ya kigezo cha 0.25 na 0.65 kwa mvua ya milimita 80) kwenye hekta moja kunahitaji mita za ujazo 320. Tundu la kutolea la milimita 100, likiwa na maji ya mita 1 juu yake, hutoa lita 21 hivi kwa sekunde; kadiri maji yanavyopungua na mtiririko kulegea, bwawa litahitaji saa sita au zaidi kuwa tupu. Ni vizuri liwe tupu ndani ya siku moja, maana bwawa lililojaa tangu jana halina kazi leo. Weka wavu wa chuma mbele ya tundu, mbali nalo kidogo na kwa mwinamo, au plastiki moja italiziba. Na usiliweke mwishoni kabisa mwa bonde bila kupiga hesabu ya muda. Maji ya huko chini kwa kawaida hutangulia kutoka kabla kilele cha juu hakijafika. Ukiyachelewesha, unayakutanisha na kilele hicho.

Mwisho, ukisikia kwamba mjenzi "amefidia" uwanda aliojaza, omba jedwali la ujazo kwa kila ngazi ya sentimita 20, kabla na baada. Fidia halali hurudisha kila ujazo kwenye usawa ule ule ulipotolewa na iwe imeungana na mto ule ule. Shimo lililochimbwa chini ya usawa huo hujaa maji mapema, kwa mvua au kwa maji ya ardhini, na kilele kikifika halina nafasi. Lililochimbwa juu yake halifikiwi na maji mpaka nyumba zimeshaingiwa. Jedwali hilo ni la ukurasa mmoja, na mhandisi aliyepiga hesabu kweli analo.